Barua ya Vipande Kumi na Vinne

Jumamosi saa tano asubuhi jengo la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika. Spika za kila duka zilishindana kupiga kelele, watu walipigana vikumbo kwenye ngazi, na katikati ya msongamano huo alikuwa akishuka mwanamke mmoja aliyekumbatia kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa shuka la kitanda. Alivaa gauni la bluu, raba nyeupe, na miwani yenye fremu nyembamba nyeusi. Machozi yalikuwa hayajamtoka, lakini yalikuwa mlangoni.

Mwanamume mwenye boksi la feni akamgonga begani. Shuka likateleza, kompyuta ikaanza kumponyoka. Fundi mmoja aliyekuwa anapanda ngazi na kikombe cha chai akaitupa chai, akaidaka kompyuta kwa kifua.

"Polepole, dada! Huyu mtoto wako mzito."

"Samahani, kaka. Chai yako..."

"Chai nitanunua nyingine. Mgonjwa ana nini?"

"Haiwaki tangu juzi. Na mafundi wa juu wanataka niiache siku tatu."

"Kwani ukiiacha kuna ubaya gani?"

"Siiachi."

Alilisema neno hilo kwa namna ambayo fundi hakuuliza tena. Alimwongoza hadi kwenye meza yake pale chini, akamvutia kiti, akamwambia akae amsimamie kama mkaguzi. Ndani ya nusu saa alikuwa amegundua kwamba pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, ndiyo iliyoungua, na kwamba mkaguzi wake anafanya kazi ya kukata lenzi katika duka la miwani mtaa wa pili.

"Mtu wa miwani mzima halafu boksi la feni hukuliona?"

"Wewe usiye na miwani mbona unaniangalia umekodoa macho?"

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Kompyuta ilipowaka, mwanamke alivuta pumzi kama aliyetolewa majini. Akaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, akatazama kilichotokea, akafunga haraka. Fundi alikuwa ameinama kuokota bisibisi yake. Hakuona.

Wiki ile fundi alimpigia simu kuuliza hali ya mgonjwa. Wiki iliyofuata hakusingizia mgonjwa tena.

"Miwani, umekula?"

"Fundi, ni saa nne asubuhi. Nile nini?"

"Nilitaka tu kusikia sauti. Sasa nimeisikia, nakata."

"Ukikata nakununia."

Walikuwa wakikutana saa ya chakula cha mchana, kwenye benchi nje ya duka la miwani, yeye na koti lake jeupe lenye vumbi la lenzi, fundi na shati lenye mifuko iliyojaa skrubu. Alimwambia kwamba mumewe alikuwa mpima ardhi, kwamba alifariki miaka miwili iliyopita, gari lao la kazi lilipopinduka Jumatatu moja asubuhi. Alimwambia kwamba anaishi na wifi yake, mdogo wa marehemu, anayesomea uuguzi na aliyekuwa akikaa nao tangu kaka yake yu hai. Lakini jambo moja hakumwambia. Hakuwahi kumwambia mtu.

Wiki moja baada ya maziko, alipokuwa akitafuta vyeti vya marehemu kwenye kompyuta, aliandika neno "mke", na katika majibu likatokea faili lenye jina "Kwa mke wangu". Alipolibofya, kompyuta ikamjibu kwamba faili hilo halipo. Lilikuwa limefutwa. Lakini chini ya jina lake, kwa herufi ndogo za kijivu, kompyuta ilionyesha mstari mmoja wa maneno yaliyokuwemo: "...mke wangu, nisamehe kwa kukuandikia badala ya kukwambia..."

Akajaribu neno jingine. Ukatokea mstari mwingine, maneno machache kabla ya neno lile na machache baada yake. Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa mbele ya kompyuta na kujaribu maneno: mvua, mama, ufunguo, nyumba. Mengi hayakuleta kitu. Yaliyoleta aliyanakili kwenye daftari. Kwa miaka miwili alikuwa amepata vipande kumi na vinne. "...mvua ikinyesha funga dirisha la stoo, huwa linapitisha maji..." "...usimlaumu mama, hajui lolote..." "...nitaondoka Jumatatu kabla hujaamka..."

Jumatatu ile mumewe alikuwa na safari ya kazi ya siku tatu. Lakini begi lililotolewa kwenye gari lilikuwa na mashati saba. Je, alikuwa anakwenda kazini, au alikuwa anamwacha? Na kama alikuwa anamwacha, kwa nini aliifuta barua? Alibadili nia, au aliona mkewe hata barua hastahili? Swali hilo ndilo lililomfanya asiiache kompyuta mikononi mwa mtu. Aliona aibu mtu mwingine asome. Tena aliogopa kufika mwisho wa barua, ndiyo maana alikwenda neno moja moja.

Alipoanza kumpenda fundi, hofu ilizidi. Angewezaje kujipa kwa mwanamume mwingine kabla hajajua kama yule wa kwanza alimkimbia?

Alhamisi moja fundi alifika nyumbani na mfuko wa machungwa, akitaka kumshtukiza. Mwenyewe alikuwa bado kazini. Wifi alimfungulia mlango akiwa amejifunga kitambaa kichwani, uso umesawijika.

"Shemeji, Mungu kakuleta! Nakabidhi ripoti kesho na siioni. Naandika jina lake, kompyuta inaniletea vitu vya enzi hizo. Vya jana haivioni kabisa."

"Shemeji tayari?" fundi akatania akivuta kiti.

"Nakuonjesha tu, usivimbe kichwa."

Aliikagua kompyuta, akalijua tatizo upesi. Akamweleza kwamba kompyuta haifungui kila faili mtu anapotafuta neno. Inatunza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, inayosema neno gani liko wapi. Faharasa ya kompyuta hii ilikuwa imekwama miaka miwili iliyopita, pengine siku umeme ulipokatika ghafla. Vilivyoingia baadaye haikuviandika, na vilivyofutwa baadaye haikujua kwamba vimefutwa.

"Kwa hiyo inaishi zamani," wifi akasema.

"Inaishi zamani. Dawa ni kuifuta hiyo faharasa na kuiacha ijiandike upya."

"Ifute basi, naomba. Nachemsha maji ya chai."

Wifi akaenda jikoni. Ripoti yenyewe iliitwa "ripoti ya mwisho". Fundi akaandika "mwisho" kujaribu kwa mara ya mwisho kabla ya kufuta. Ripoti haikutokea. Likatokea faili moja tu, "Kwa mke wangu", na mstari chini yake.

Aliusoma. Akausoma tena. Kisha akabonyeza sehemu ya kufuta faharasa, akathibitisha, akatazama idadi ya mafaili ikipanda kutoka sifuri.

Ripoti ya wifi ilipatikana. Wifi alipiga vigelegele.

Mwenyewe alirudi saa kumi na moja. Aliwakuta wanamenya machungwa, akacheka, akamwita fundi mwizi wa kuingia nyumba za watu. Wifi akamwambia habari njema: kompyuta imepona, sasa inatafuta kila kitu.

Kicheko kikakatika. Alikwenda kwenye kompyuta bila kuvua viatu. Akaandika "mvua". Hakuna. Akaandika "ufunguo". Hakuna. Akaandika "mke". Hakuna.

"Umefanya nini?"

"Nimeisafisha tu, mpenzi. Faharasa ilikuwa..."

"Kulikuwa na faili. Uliliona?"

"Faili gani?" fundi akauliza.

"Usinichezee. Uliliona au hukuliona?"

"Sikuona kitu."

Mwanamke alimtazama usoni. Kazi yake ilikuwa kushika kioo mwangani na kutafuta mkwaruzo usioonekana, na mkwaruzo huu haukuhitaji hata mwanga.

"Toka," akasema taratibu. "Chukua machungwa yako, toka."

Fundi alipiga simu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Haikupokelewa. Alituma ujumbe akieleza kitaalamu kwamba faharasa ikishafutwa hairudi. Aliusoma baada ya kuutuma na kujichukia. Alimwomba wifi amruhusu aje na vifaa vya kufufua mafaili. Wifi, ambaye sasa alikuwa ameambiwa yote na aliyekuwa akilia hata akipiga mswaki, alimruhusu saa za kazi za wifi yake. Fundi alikaa siku mbili mbele ya ile kompyuta. Alifufua picha za mipaka ya viwanja, hesabu za eneo, nusu ya wimbo. Barua haikuwepo popote. Miaka miwili ya mafaili mapya ilikuwa imeandikwa juu yake.

Wiki tatu zikapita. Rafiki yake wa meza ya jirani, muuza chaja, alimwona anavyokonda.

"Wewe si uliusoma mstari? Mwambie uliona maneno matamu. 'Nakupenda, nitarudi.' Nani atabisha? Utakuwa umemponya na umejiponya."

Fundi aliliwaza jambo hilo siku nzima. Lilikuwa rahisi mno. Sentensi moja tu, na mwanamke angelala usingizi. Kesho yake alipiga moyo konde, akaenda duka la miwani, akapanga foleni nyuma ya mzee aliyekuja kubadili fremu.

Zamu yake ilipofika, alimkuta amesimama nyuma ya kaunta kwa koti jeupe, macho yamevimba.

"Nikusaidie nini, mteja?"

"Nilikudanganya. Niliuona."

Mkono wake ukasimama juu ya kitabu cha oda.

"Nilijaribu neno 'mwisho'. Ukatokea mstari mmoja. Nimekuja kukupa kama ulivyokuwa."

"Mwisho," akarudia. "Hilo neno sikuwahi kulijaribu. Niliogopa." Akashika ukingo wa kaunta. "Sema."

"'Huu si mwisho wa kukupenda, lakini siwezi tena kuendelea kuishi nyumba moja na.' Ukakatika hapo."

"Na nani?"

"Ulikatika."

"Na mimi?"

"Sijui."

"Ungeweza kuongeza neno, Fundi. Ungeweza kunambia chochote."

"Ningeweza. Kuna jambo jingine. Mimi huwa sigusi kompyuta ya mtu kabla ya kutoa nakala. Sijawahi kukosea hilo. Siku ile niliona jina la faili, nikaona mstari, na moyo wangu ukasema, bora huyo marehemu apotee. Nikabonyeza. Sikujua kwamba ulikuwa unaisoma hiyo barua, lakini nilijua ni ya kwako. Hiyo haikuwa bahati mbaya."

Mteja wa nyuma akakohoa. Mwanamke akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Nenda," akasema. Lakini safari hii sauti haikuwa na ubaridi, na macho yake yalimsindikiza hadi mlangoni.

Siku nne hakuna neno. Siku ya tano, saa sita mchana, simu ya fundi ikaita katikati ya kelele za spika. Akakimbilia nje, akaziba sikio moja.

"Haloo? Miwani?"

"Nilimsomea wifi huo mstari." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayetembea gizani. "Unajua alisema nini? Alisema, 'Ni mimi, wifi. Alikuwa hataki kuishi nyumba moja na mimi. Tuligombana wiki ile.' Analia, anataka kufungasha vitu vyake ahame. Na mimi nikamwambia, hapana, ni mimi. Tukawa tunagombania, Fundi. Kila mmoja anataka awe yeye. Mwisho tukanyamaza wote wawili, tukashikana mikono mpaka chai ikapoa."

"Pole. Pole sana, mpenzi."

"Sitajua, sivyo?"

Fundi alitazama watu waliokuwa wanapita na maboksi vichwani. Alitamani kuwa na jibu jingine.

"Hutajua. Na sehemu ya kosa hilo ni yangu."

"Ni yako. Nilikuchukia sana. Bado kuna asubuhi naamka nakuchukia."

"Najua."

"Lakini miaka miwili nimekaa na mwanamume aliyeniandikia badala ya kunambia. Halafu unakuja wewe, unasimama mbele ya wateja, unanambia neno linaloniumiza na ubaya wako mwenyewe, na huongezi hata nukta. Siku ukinichoka, utafanyaje?"

"Nitakwambia kwa mdomo, nikiwa nimekaa mbele yako."

"Hata nikilia?"

"Hata ukinirushia machungwa."

Akatoa sauti fupi. Ilikuwa nusu kicheko, nusu kilio, na fundi alifumba macho ili asikose hata sehemu yake.

"Usinioe haraka," akasema. "Usinihurumie pia."

"Sawa."

"Jumapili mchana njoo. Wifi atakuwepo, anataka kukuona. Lakini, Fundi, njoo mikono mitupu. Usije kutengeneza kitu."