Shemeji Alifunga Chumba cha Nyuma Siku ya Mazishi

“Shemeji, ukigusa huo mlango tutakosana!”

Niliambiwa hivyo siku tuliyomzika mume wangu. Siku ileile, jamani!

Viatu vyangu bado vilikuwa na udongo wa makaburini. Nikamkuta mdogo wa marehemu amepiga magoti kwenye korido, anabandika utepe kuzunguka mlango wa chumba cha nyuma. Juu, chini, pembeni... hadi tundu la ufunguo!

“Kuna nini humo?”

“Hakuna kitu.”

“Hakuna kitu ndiyo kinafungwa hivyo?”

Akatia ufunguo mfukoni. Hakunitazama usoni.

Mume wangu na huyu mdogo wake walikuwa mafundi wa sakafu. Miaka ishirini na mbili walibandua vigae vya zamani kwenye nyumba za watu na kuweka vipya. Mume wangu alianza na kikohozi tu. Mwisho akawa hawezi kupanda ngazi tatu bila kushika ukuta. Nikiuliza, ananijibu, “Vumbi la kazi, mama. Litaisha.”

Chumba hicho alianza kukikarabati kwa ajili ya binti yetu, aliyekuwa mjamzito. Akafika nusu. Ghafla akaacha, akafunga mlango, hakusema kwa nini.

Nikampigia dada yangu.

“Amka wewe!” akafoka. “Huyo shemeji yako kuna kitu kakificha. Utashtukia uko nje na masufuria yako!”

Tangu hapo nikaanza kumshuku.

Binti akajifungua, akarudi nyumbani na kichanga. Wakalala sebuleni, watu wanawapitia. Nikampigia shemeji.

“Nataka chumba changu.”

“Subiri majibu kwanza.”

“Majibu ya nani?”

Akakata simu.

Majibu! Nikajua kaenda mahakamani, anataka nyumba ya kaka yake!

Jumamosi asubuhi, binti akiwa kliniki na mtoto, nikachukua nyundo na tindo za marehemu. Nikavunja kitasa.

Ndani... hakuna sanduku. Hakuna karatasi. Nusu ya sakafu ina vigae vidogo vya kahawia, vya zamani. Nusu nyingine gundi nyeusi tupu, na rundo la vipande vilivyovunjika.

Nikawaza: wamefukia kitu chini ya vigae!

Nikainua nyundo.

“Shemeji, usipige!!”

Huyo hapo mlangoni! Amevaa barakoa, mkononi ana bahasha.

“Leo nimekukamata!” nikamwambia.

“Sawa, umenikamata. Lakini toka humo. Polepole, usikanyage hivyo vipande. Nakuomba!”

Mwanaume mzima, machozi yanamtoka. Miguu ikanitoa nje yenyewe.

Tukakaa kwenye kizingiti cha uani. Akafungua bahasha. Ilitoka maabara, si mahakamani.

“Nilipeleka kipande wakakipime. Vina asbesto,” akasema. “Ni nyuzi ndogo, macho hayazioni. Kigae kikiwa kizima hazina shida. Ukikivunja zinaruka, ukizivuta zinakaa mapafuni miaka na miaka. Daktari alimwambia kaka ndizo zinazommaliza. Sisi tulikuwa tunakwangua vikavu, tunafagia, tunapiga mluzi.”

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Kaka aliniapisha.”

“Uniambie kwa nini!”

Akainama.

“Ovaroli zake alikuwa anafua nani?”



Ni mimi. Kila jioni nilizikung’uta kwanza hapohapo uani, vumbi linanipiga usoni, namtania: “Fundi wangu, leo umeniletea sakafu nzima!” Naye anacheka.

Mwaka wake wa mwisho alianza kujifulia mwenyewe. Ananinyang’anya beseni kabisa! Nikahisi ana mwanamke. Nikamnunia wiki tatu... mtu aliyekuwa anahesabu pumzi zake.

Wasomaji wangu, kama nyumba yako ina vigae vya zamani, usivivunje, usivikwangue, usifagie vumbi lake. Vipimwe kwanza maabara. Vikiwa vizima, weka sakafu mpya juu yake. Vikiwa vimevunjika, funga chumba, uite wanaoijua kazi hiyo.

Na wewe unayemficha mwenzio ili asiogope, mwambie. Kwa kimya cha mume wangu nilimchukia mtu asiye na kosa miezi miwili. Na mume wangu nampenda, lakini hilo bado sijamsamehe.

Wataalamu walikuja na mavazi yao meupe, wakalowesha, wakabandua, wakabeba kila kitu kwenye mifuko iliyofungwa. Binti na mtoto wamehamia chumbani.

Alhamisi nakwenda kupigwa picha ya kifua. Ya shemeji ni Ijumaa.