Maji Yaliyopozwa Haraka

Muoka mikate alirudi nyumbani mchana, jasho likimtiririka. Tangu alfajiri alikuwa mbele ya tanuri. Hata nyusi zake zilikuwa na unga.

"Jamani, nakufa na kiu!"

"Karibu, marehemu," mkewe alijibu. Mama huyu ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko sindano zake.

Hakuinuka. Alikuwa amempakata mtoto wao. Walimwita Kibonge, maana alizaliwa na mashavu hayo, acha tu! Sasa mashavu yalikuwa yamekwisha. Kila mara mtoto aliharisha. Alikuwa ameanza kusimama, lakini wiki hii hata kukaa alichoka. Mama yake aliogopa sana.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuwa amekuja kumwona. Asubuhi alikuwa amewapa vidonge vya zinki na pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini.

"Nionyeshe maji unayochanganyia dawa," alisema muuguzi.

"Haya hapa, dada. Yamechemka sasa hivi." Mama alimbeba mtoto, akampeleka muuguzi jikoni, kwenye sufuria iliyofuka mvuke. "Nachemsha kila siku! Sasa ugonjwa unatoka wapi?"

Kabla muuguzi hajajibu, muoka mikate aliingia, akachota jagi zima la maji ya bomba kwenye pipa, akayamimina ndani ya sufuria, chwaa! Kisha akachovya kikombe, akanywa kwa raha zake.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Nimepoza. Yalikuwa yanaunguza."

"Na hufanya hivyo kila siku?"

"Kila siku. Mke wangu anachemsha, mimi napoza. Ndoa ni kusaidiana."

"Mungu wangu!" mkewe alipiga kelele. "Mkaa wangu wote huo, kumbe nachemsha bure!"

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatulia.

"Shemeji, mkate ukishaiva, unaupaka unga mbichi ndipo uuze?"

"Thubutu! Nani atanunua?"

"Basi ndivyo unavyofanya na maji. Maji ya pipa yanaonekana safi, lakini yana vijidudu. Macho hayavioni. Moto unaviua, wewe unavirudisha. Tumbo lako limezoea. La mtoto bado changa."

Muoka mikate alimtazama mwanawe. Akakiweka kikombe chini.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuumiza?"

"Hukujua. Sasa umejua."

"Nifanyeje, dada? Niambie."

"Chemsha jioni. Yaache yatokote sawasawa, uyafunike, yapoe yenyewe usiku. Asubuhi yamimine kwenye ndoo safi yenye mfuniko na koki. Usichovye kikombe, maana mkono nao una uchafu wake. Na mikono ioshwe kwa sabuni."

Kwanza walimwaga maji yale, wakachemsha mengine kwa ajili ya dawa. Jioni muoka mikate aliiteka sufuria kutoka kwa mkewe. Alikaa mbele ya jiko kama mlinzi wa benki. Mkewe alipotaka kufunua aone, alifukuzwa.

"Usiguse mfuniko! Maji yangu hayo!"

"Makubwa haya," mkewe alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Kibonge alimaliza dawa, na kuharisha kukakoma. Akaanza kudai uji kwa makelele. Wiki zikapita, tumbo halikumsumbua tena. Mama yake alianza kuimba akishona, na majirani wakavumilia.

Mchana mmoja muoka mikate alirudi, akanawa, akafungulia koki na kujaza kikombe. Alikuwa anakipeleka mdomoni aliposikia mkewe akisema, "Tazama!"

Kibonge alikuwa anakuja. Hatua moja, akayumba. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka kwenye magoti ya baba yake. Akakivuta kikombe kwa mikono miwili, akanywa huku maji yakimlowesha tumbo.

Baba alicheka na kulia kwa pamoja.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Kunywa yote."