Kisanduku Kilichokuwa na Joto

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kiherehere alipanda kwenye kigoda akaifuta taa ya mama yake. Jina hilo alibandikwa na baba yake, maana mikono yake haikujua kutulia. Taa yenyewe baba ndiye aliyeiunda, ubao wenye safu za vitaa vya LED, akautundika juu ya cherehani muda mfupi kabla ugonjwa haujamlaza asiinuke tena. Mama alishonea sare za shule chini yake, na kila akiiwasha aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.

Kati ya betri na taa palikuwa na kisanduku cheusi. Siku moja Kiherehere alikigusa, akakikuta na joto. Kumbe hiki ndicho kinachokula umeme! Na mama alivyokuwa akilalamika kwamba haoni tundu la sindano! Akakichomoa, akakitupa kwenye kopo la vifungo, akaunganisha waya moja kwa moja. Betri ilikuwa imechoka, lakini taa iliwaka nyeupe pe. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Binti kichwa kikavimba.

Kesho yake kulikuwa na mawingu, mama akawasha taa mapema. Baadaye jua likatoka kwa nguvu, na paneli ya sola juu ya paa nayo ikasukuma umeme kwa nguvu. Vitaa vikang'aa kupita kiasi, harufu ya kuungua ikajaa chumbani, safu baada ya safu ikazima.

Mama akauliza kama kuna aliyeigusa.

“Hapana, mama. Imezima yenyewe.”

Akaitwa shangazi, dada yake baba, fundi umeme mwenye maneno mengi. Akaanza kwa kusimulia jinsi kaka yake alivyokuwa akimcheka kwamba analehemu waya kama anayepaka mkate siagi. Alipoufuata waya kutoka kwenye betri, mzaha ukamwisha.

“Wifi, kaka alilipua kazi,” alisema polepole. “Ameunganisha moja kwa moja. Labda mikono ilikuwa imeshachoka.”

Mama aliinamia cherehani. Machozi yalidondokea sare ya mtoto wa watu.

Kiherehere akainuka ghafla. Baba anasingiziwa, na hayupo kujitetea. Akalileta kopo, akamwaga vifungo vyote sakafuni, akakiokota kile kisanduku.

“Baba hakulipua, shangazi. Ni mimi. Nilidhani kinakula umeme.”

Shangazi alikipokea, akakaa kitako. Akamweleza kwamba umeme wa jua haukai mahali pamoja: mchana unapanda, jioni unashuka. Kisanduku ndicho kilichovipimia vitaa kiasi kilekile siku zote. Joto lile lilikuwa jasho la kazi, tena jasho dogo.

Vitaa vya baba havikufufuka. Shangazi alivibandua, akalehemu vipya, kweli kama anayepaka siagi. Kisanduku kilikuwa kizima, kikarudishwa mahali pake.

Mama akamvuta binti yake karibu. “Taa kuungua ningezoea, mwanangu. Lakini kwa uongo wako ningemzika baba yako mara ya pili, safari hii pamoja na jina lake. Ukikosea, sema. Hata kama sauti inatetemeka, sema.”

Taa ikawaka. Kiherehere akaweka kiganja juu ya kisanduku, akangoja, mpaka kikaanza kupata joto.