Jogoo Aliyelipia Maji ya Kijani

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, wallahi. Niliyaona kwa macho yangu haya, na siku hizo yalikuwa hayajajua miwani. Atakayenipata na uongo hata mmoja, aje kwangu Bofu amchukue jogoo wangu Sultani, ambaye akiwika, feri kule Likoni hudhani imepigiwa honi, ikang'oa nanga.

Ilikuwa miaka ya tisini. Jirani yangu Bi Mwanarehema aliishi na mjukuu wake Tima, msichana wa darasa la sita. Kila asubuhi Tima alimpa majani mbuzi wake Shani, kisha akashuka na bibi yake horini, pale mkono wa bahari unapoingia kati ya mikoko. Bibi alikuwa na uzio wa fito. Maji yakijaa, samaki huingia. Yakipwa, hubaki ndani, na bibi na mjukuu huwaokota. Hicho ndicho kilichowalisha.

Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki nikasikia Tima akipiga kelele.

"Babu Stambuli! Njoo uone! Samaki wanatoka wenyewe!"

Nilishuka mbio, mswaki mdomoni. Lo! Maji yalikuwa kijani kama mchicha uliochemshwa. Chaa na mikizi walikuwa juu juu, midomo nje, wanatweta kama waliokimbizwa na mbwa. Kamba walirukia matopeni. Kaa walipanda mikoko, na mmoja nilimkuta juu ya bati la nyumba yangu, amekaa kitako anapunga upepo. Mtaa mzima ulishuka na mabeseni. Vicheko, makelele, kusukumana! Aliyekosa beseni alivua kofia akaijaza.

"Leo ni sikukuu!" alisema Ngowa, jirani yetu mwingine. Kazi yake ilikuwa kununua magunia matupu ya mbolea, kuyaosha horini na kuwauzia wachoma makaa.

Tima hakucheka. "Babu, mbona wanahema hivi?"

Sasa mimi nikiulizwa jambo nisilolijua, ulimi huniwasha. "Ni jini la hori," nikamwambia. "Kubwa kama feri mbili. Limetapika, samaki wanalikimbia."

Watu wakacheka. Bi Mwanarehema akayakazia maji macho.

Kesho yake uzio ulikuwa mtupu. Keshokutwa, mtupu. Samaki waliobaki chini wakaelea wamekufa, na harufu ikatufukuza barazani. Jioni Bi Mwanarehema akaja kwangu, buibui limemshuka mabegani.

"Stambuli, hilo jini lako lataka nini?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini macho yangu yalikuwa yametua uani kwake. "Mbuzi," nikasema. "Mweupe, mwenye doa usoni."

Mbuzi mweupe mwenye doa usoni alikuwa mmoja tu mtaani: Shani. Bibi akaamua Ijumaa azungushwe mtaa mzima, asomewe dua, achinjwe.

Tima alinijia macho mekundu. "Babu, jini umeliona kweli?"

"Kwa macho yangu!"

"Na kama si jini?"

"Kama si jini, mtamla Sultani!"

Akaondoka. Moja kwa moja horini. Kule mdomoni, maji ya bahari yanapoingia na kutoka, palikuwa safi. Alivyozidi kuingia ndani, kijani kikazidi. Kilikolea zaidi kwenye kona aliyokuwa Ngowa, magoti majini, anasugua magunia.

"Shikamoo, Bwana Ngowa. Huu unga mweupe ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mbolea iliyobaki. Usiuguse. Bahari ni kubwa, itaumeza wote."

Tima alimweleza mwalimu wake wa sayansi, Mwalimu Kafedha. Mwalimu akamwazima mitungi miwili ya kioo. "Usiniulize mimi," alisema. "Yaulize maji."

Basi Tima akachota maji safi mdomoni mwa hori, akajaza mitungi yote. Katika mmoja akaongeza maji yaliyooshewa gunia. Akaianika juani. Sisi tulimcheka, hasa mimi. "Unapika mchuzi wa jini?" Lakini kila siku mtungi ule wa pili ulizidi kuwa kijani, na mwenzake ukabaki mweupe. Alhamisi jioni akatia kitoto cha chaa katika kila mtungi.

Ijumaa alfajiri mlango wangu nusura ung'oke.

"Babu! Toka! Amka!"

Nilitoka nimevaa kikoi ndani nje. Bi Mwanarehema alikuwa uani, tayari amemfunga Shani kamba. Mwalimu Kafedha, Ngowa na watoto wa mtaa walikuwa wameizunguka mitungi ya Tima. Katika mtungi safi samaki alikuwa akiogelea raha mustarehe. Katika ule wa kijani, mwenzake alikuwa juu, mdomo nje, anatweta vilevile kama wale wa horini! Tima akakimbia kuwarudisha baharini wote wawili wangali hai.

"Mbolea haibagui shamba na bahari," Mwalimu alituambia. "Majini mna mimea midogo mno, haionekani kwa macho. Ikipata mbolea huongezeka hadi maji yakawa kijani. Mchana hutengeneza hewa, usiku nayo huivuta kama sisi. Ikifa huoza, na uozo huimaliza hewa iliyobaki. Kukipambazuka samaki hana cha kupumua."

Ngowa alishika kichwa. "Kumbe jini ndiye mimi!"

"Tima!" bibi aliita.

"Abee, bibi!"

"Njoo umfungue mbuzi wako."

Kisha wote wakanigeukia. Nikakohoa. "Labda... limehama."

"Stambuli," alisema Mwalimu Kafedha, "kusema sijui si aibu. Aibu ni kuliziba pengo kwa uongo, mwenzako akaushikia kisu. Na nyinyi watoto, kila mnachokimwaga majini, kuna kiumbe atakayekila. Ulizeni kwanza ni nani."

Mchana huo tulikula pilau ya Sultani. Mimi nilipewa shingo. Ngowa akaanza kuoshea magunia kwenye pipa na kumwagia migomba yake maji yale. Maji makuu ya bamvua yakaja na kwenda, hori likasafika, na ndani ya uzio wa bibi samaki wakaanza tena kurukaruka.

Tima sasa ni mwalimu. Jana nilimpa hadithi hii aipitie kabla wanafunzi wake hawajaisoma. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Babu, kaa juu ya bati? Mimi nilikuwepo! Walipanda mikoko tu. Tena unaahidi kumtoa Sultani, na Sultani tulimla!"

"Huyu wa sasa ni Sultani wa pili," nikajitetea.

"Vyema," akasema, akanyoosha mikono. "Mlete."

Nimemkabidhi asubuhi hii, miguu imefungwa, ananitazama kwa jicho baya. Nimeomba shingo.