Mashine Iliyofunikwa Shuka

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na sauti ya msumeno. Baba yangu ni seremala na karakana yake iko uani. Mjukuu wake tunamwita Bosi, kwa sababu tangu alipojua kusema, kazi yake ni kumwamrisha babu yake.

"Babu, nipe msumari!"

"Msumari si peremende, Bosi. Chezea hiki kibao."

Baba alikuwa akikohoa. Alikohoa muda mrefu na hakuna aliyeshtuka, maana maseremala wote mtaani kwetu wanakohoa. "Vumbi la mbao hili," alisema. Nasi tukaitikia kuwa ni vumbi.

Kisha Bosi akaanza kupungua. Homa ilikuja jioni, ikaondoka, ikarudi. Chakula alikisukuma. Suruali zikawa zinamvuka. Wifi yangu, mama yake Bosi, akampeleka hospitali ndogo iliyo karibu nasi. Mimi nikawasindikiza.

Tabibu alimtazama mtoto kwa mbali. "Mama, huyu humlishi."

"Namlisha. Hataki kula."

Akatupa dawa za minyoo. Homa haikuisha, tukarudi. Safari hii akatupa kikopo. "Ateme makohozi humu, tupime kifua kikuu."

Jamani, mtoto mdogo atatema vipi makohozi? Anayameza! Wifi alimbembeleza, akamwonyesha namna ya kukohoa mpaka akapaliwa yeye. Kilichoingia kikoponi kilikuwa mate. Wakayapima hayo hayo mate. Majibu yakatoka: hakuna kifua kikuu.

"Umeona?" tabibu akasema. "Hana kitu. Nenda ukamlishe."

Wifi alitoka nje. "Wifi, ananiambia namnyima mwanangu chakula. Mimi!" Hata mimi, nisiyejua kujibizana na watu, damu ilinichemka.

Bosi akazidi kuisha. Tumbo likavimba. Mwishowe akalazwa wodi ya watoto, hospitali ile ile. Huko tulimkuta daktari mgeni, mama mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Huyo hakuuliza tunamlisha nini mtoto.

"Nyumbani kwenu nani anakohoa?"

Wifi akanitazama. Kumtaja baba mkwe ilimwia vigumu. Nikasema mimi, kwa sauti ndogo: "Baba anakohoa. Lakini ni vumbi la mbao."

"Amekonda?"

"Mkanda wake ameutoboa tundu jipya."

"Vumbi halikondeshi hivyo, binti. Aje apimwe leo." Akamgeukia muuguzi. "Niletee ultrasaundi."

"Ile ni ya wajawazito, daktari. Haitoki chumba chao."

"Kwani imezaliwa kule?"

"Ndivyo tulivyozoea."

"Nani anapimwa sasa hivi?"

"Hakuna mtu. Imefunikwa shuka."

Wifi akasimama. "Imefunikwa shuka?" "Mwanangu anakauka hapa, naambiwa simlishi, naambiwa ateme asichojua kutema, kumbe mashine iko nyuma ya ukuta huu, imelala, imejifunika?"

Muuguzi alikwenda, akarudi akiisukuma mashine kwenye magurudumu yake, mpaka kando ya kitanda.

Mama wa kitanda cha pili akanyanyua shingo. "Shoga, Bosi ana mapacha?"

"Nyamaza wewe, usinichekeshe nikiwa na hasira," wifi akasema. Akacheka huku analia.

Daktari alimpaka Bosi jeli tumboni, akapitisha kifaa polepole. "Haiumi wala haichomi. Ni sauti tusiyoisikia. Inaingia mwilini, inarudi, inachora picha. Tazameni. Hizi ni tezi za tumboni, zimevimba. Huu ni wengu, una madoa madogo meusi. Na hapa juu, kando ya pafu, kuna maji."

"Kifua kikuu gani hicho kinakaa tumboni?" wifi akauliza.

"Jina ndilo linatupoteza, mama. Kwa watoto huweza kwenda popote mwilini."

"Kwa hiyo picha imethibitisha?"

"Peke yake haithibitishi. Magonjwa mengine nayo huvimbisha tezi. Na ningekuta tumbo safi, nisingekuambia hana. Lakini nikijumlisha picha, homa, kukonda na babu anayekohoa, sisubiri. Choo chake tutakipima pia, maana makohozi anayoyameza hushukia huko. Dawa anaanza."

"Na majibu ya kile kikopo?"

"Yalikuwa majibu ya mate," daktari akasema, na sasa hasira ilikuwa yake. "Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu hajui kutema!"

Baba alipimwa. Alikuwa nacho. Alikaa kwenye benchi, mikono mikubwa ikiwa mapajani. "Kumbe mimi ndiye niliyemuumiza."

"Baba, hukufanya kwa kupenda," wifi akamwambia. "Wewe meza dawa."

Wote nyumbani tulipimwa. Madirisha yakafunguliwa. Bosi na babu yake walimeza dawa kila siku, kwa miezi yote waliyoambiwa, hata baada ya kujisikia wazima. Baba amewaambia maseremala wenzake wakapimwe, na anayesema "ni vumbi" anagombana naye.

Siku hizi ultrasaundi huenda wodi ya watoto pia. Haikwenda yenyewe. Daktari alibishana na wakubwa zake, na wifi alisimama mlangoni kwao akiwa na wanawake wa wodi nzima. Hawakuomba mashine mpya. Walitaka ile iliyopo itolewe shuka.

Juzi tulimpeleka Bosi kupimwa uzito. Tabibu yule yule alikuwepo. Bosi alikataa mzani. Akapiga mateke, akalia mpaka watu wakaziba masikio.

"Mama, mnyamazishe mtoto," tabibu akasema.

Wifi akamtazama. "Simnyamazishi. Alipokuja kwako hakuwa na nguvu za kulia. Leo anazo. Msikilize."