Mfereji Nyuma ya Ukuta wa Juu

Kila Jumamosi, kabla ya kifungua kinywa, Tamsin Pollard alikuwa na kazi moja: kupanda ngazi hadi darini, kufungua dirisha dogo na kuchungulia mfereji wa maji ya mvua. Nyumba za zamani za mtaa wao mjini Bath zina ukuta mfupi unaoficha paa, na mfereji umelala nyuma yake. Aliye barabarani hauoni. Majani yakiuziba, maji hayana pa kwenda ila ndani.

"Vipi huko juu?" mama aliuliza akikaanga mayai.

"Safi," alijibu Tamsin, aliyekuwa ameishia katikati ya ngazi. Darini kulikuwa na baridi, na buibui pia.

Alijibu hivyo Septemba, Oktoba na Novemba yote.

Desemba mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, Bibi, aliyeishi nao, akiwa jikoni, dari ya chumba chake ilianguka. Maua ya plasta yaliyofinyangwa kwa mkono zaidi ya miaka mia mbili iliyopita yaligeuka tope juu ya kitanda chake.

Bwana Fenwick, fundi wa nyumba kongwe, alipapasa ukuta uliolowa. "Mfereji wa juu mnausafisha?"

"Unakaguliwa kila Jumamosi," mama alisema.

"Basi ni bomba limepasuka humu ndani. Tutabomoa ukuta. Hamieni kwingine hadi kiangazi."

Tamsin aliinama akaokota vipande vya plasta.

Bibi angepelekwa makao ya wazee. "Nikale maharage ya kopo na wanaokoroma," alisema, lakini hakucheka. "Nilizaliwa chumba hiki. Nilidhani nitafia humu." Alikunja nguo zake moja moja. Tamsin alimtazama.

Jumatatu mafundi walikuja na nyundo. Pigo la kwanza lilipasua ubao wa kale wa ukutani.

"Acheni!" Tamsin alipiga kelele. "Sikupanda! Sijauangalia mfereji!"

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu Septemba."

Bwana Fenwick alipanda mwenyewe. Alishuka na ndoo mbili za majani meusi na njiwa aliyeoza. "Bomba halina kosa. Ncha za boriti mbili zimeoza. Tutazikata, tuunge mbao mpya. Wiki tatu."

Ukuta ulinusurika na Bibi hakuhama. Maua hayakurudi; sasa Bibi analala akitazama dari tupu.

Tamsin alilia jikoni. Mama alimpa kitambaa, hakumbembeleza.

"Ungeniambia, majani yangetolewa kwa ndoo tu, Tamsin. Sisi tuliacha kuangalia kwa sababu tulikuamini. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuoza. Usipofanya kazi, sema hukufanya. Nitakufokea, kisha nitapanda mwenyewe."