Neno la Siri Lililoitwa Dirishani

Mama akitundika shuka jeusi ukutani, nyuma ya kiti chake, nyumba nzima ilijua kwamba kazi inaanza. Alivua pete na bangili, akavaa blauzi isiyo na maua, akakaa mbele ya kompyuta. Bibi alizima televisheni hata kama tamthilia yake imefika patamu. Chiriku, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alichukua vitabu vyake akaenda jikoni na kufunga mdomo. Kwa mtoto aliyebandikwa jina la ndege wa kelele, kufunga mdomo kulikuwa kazi ngumu kuliko hesabu za sehemu.

Mama alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Mgonjwa asiyesikia akifika hospitalini, wauguzi walimwekea skrini mbele yake, na Mama akatokea pale akiwa sebuleni kwake. Mgonjwa alisema kwa mikono, Mama akamweleza daktari kwa sauti. Daktari akijibu, Mama aliyageuza maneno yake kuwa mikono. Lugha hiyo aliijua tangu utotoni, maana dada yake mkubwa alizaliwa hasikii. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote watatu.

Sasa, lugha ya mikono inataka picha isiyokwama. Sauti ikikatika kidogo, mtu anaweza kubahatisha. Mkono ukiganda hewani, utajuaje kama mgonjwa alitaka kusema tumbo au kifua? Na kwa muda sasa picha ya Mama ilikuwa inaganda, hasa jioni na siku za mapumziko.

Walianza kwa kuilaumu mvua. Mvua ikaacha, picha ikazidi kuganda. Wakailaumu kampuni ya intaneti, nayo ikajibu kwamba upande wake mambo ni shwari. Bibi akajilaumu mwenyewe, masikini, akaacha kabisa tamthilia zake za mtandaoni, hata saa ambazo Mama hakuwa kazini. Haikusaidia kitu. Siku ya Alhamisi msimamizi wa wakalimani alipiga simu, na Chiriku akasikia yote kwa sababu Mama aliweka spika huku akikunja nguo.

"Dada, kazi yako tunaipenda," msimamizi alisema. "Lakini madaktari wanalalamika. Picha ikikatika tena mgonjwa akiwa mbele yako, itabidi nafasi yako nimpe mwingine. Nisamehe, sina namna."

"Nimekuelewa," Mama akasema. Alipokata simu aliikunjua kanga aliyokwisha kuikunja, akaikunja upya.

"Chiriku, njoo," Mama akaita. "Neno la siri la waifai ulilichagua wewe. Kuna mtu umemwambia?"

"Sijamwambia mtu, Mama. Haki ya Mungu."

Na ilikuwa kweli, hakumwambia mtu. Siku fundi alipokuja kufunga kisanduku cha intaneti, alitaka neno lisilopungua herufi nane. Bibi akasema liwe neno ambalo hata kichwa chake kilichochoka hakitalisahau. Chiriku akaandika jina lake, likatoka na herufi saba, akatia tarakimu ya moja mwishoni, ikakubali. Tena jina la waifai yenyewe, lile linaloonekana kwenye simu ya kila mpita njia, wakaliweka "Kwa Mama Chiriku". Fundi alikuwa na haraka, hakusema kitu. Wakacheka, wakasahau.

Lakini hebu fikiri. Bibi miguu ilikuwa imemvimba, ngazi hawezi. Basi kila alipomtaka mjukuu wake, alifungua dirisha la ghorofa ya kwanza na kuita kwa sauti ya kuamsha wafu: Chirikuu, maji yanachemka. Chirikuu, pitia vitunguu. Hata wauza magazeti walioingia mtaa ule kwa mara ya kwanza waliondoka wakilijua jina hilo. Neno la siri gani hilo, jamani?

Jumamosi alasiri kompyuta ikalia. Mama akatundika shuka lake. Bibi alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono mapajani, akiomba dua midomo ikitikisika bila sauti. Chiriku akaenda jikoni, lakini mlango akauacha wazi kidogo.

Kwenye skrini alikuwako baba mmoja kijana, shati limemlowa jasho. Nyuma yake mtoto mdogo amelazwa kitandani, amelegea, macho hayafunguki. Daktari akauliza haraka: mtoto amekula nini, amekunywa nini, tangu saa ngapi yuko hivi? Mikono ya Mama ikauliza. Yule baba akainua yake kujibu. Aligusa mdomo, kisha vidole vikaanza kuchora kitu hewani.

Picha ikaganda.

Mama akangoja. Picha ikaruka, ikaonyesha mkono ukiwa chini, ikaganda tena. "Daktari, samahani, sijaona jibu," Mama akasema. "Mwambie arudie."

"Namwambiaje?" sauti ya daktari ikatoka vipande vipande. "Nimempa kalamu, hajui kuandika. Mama, huyu mtoto anatuponyoka. Lazima nijue amemeza nini."

Mama akashika kichwa. Alifungua simu yake, bando limekwisha tangu asubuhi. Simu ya Bibi ilikuwa ya vitufe, haionyeshi hata picha ya kuku. Machozi yakamtoka Mama, akayafuta haraka kwa kiwiko ili viganja vibaki huru kwa kazi, asije akapitwa na alama hata moja picha ikirudi.

"Chiriku," akaita, na sauti yake Chiriku hakuwahi kuisikia hivyo. "Shuka kwa kinyozi. Mwombe simu yenye bando. Kimbia, mwanangu, kimbia."

Chiriku alishuka ngazi peku. Saluni ya kinyozi ilikuwa chini yao kabisa, na leo ilijaa watu, waliokuja kunyolewa na waliokuja kutazama mpira tu. Kwenye ukuta, televisheni kubwa ilionyesha mechi, picha nyororo, hata majani ya uwanja unayahesabu. Vijana kwenye benchi kila mmoja aliinamia simu yake. Chiriku alikuwa anahema, hajaanza hata kusema, alipomsikia mteja mmoja mgeni akiuliza waifai inaingiwaje.

"Tafuta hiyo ya Mama Chiriku," kinyozi akamjibu bila kuinua macho kutoka kichwa alichokuwa akikinyoa. "Halafu andika chiriku, na moja mwishoni. Usiache nafasi."

Chiriku akazitazama simu zote pale benchini. Jina lake. Limetajwa kama mtu anavyomwelekeza mwenzake bomba la maji liko wapi. Yeye hakuwa amemwambia mtu, na hapa kila mtu analo.

"Zimeni," akasema. Sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyesikia. Akasogea mpaka mbele ya televisheni, akasimama akiwa amewakinga wote. "Zimeni. Hiyo ni intaneti yetu."

"We mtoto, toka hapo, penalti hiyo," kijana mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

"Kuna mtoto anakufa hospitalini." Sasa alikuwa analia waziwazi, makamasi na vyote. "Baba yake hasikii. Anamwambia Mama kwa mikono mtoto amemeza nini, na Mama haoni, kwa sababu picha imeganda, kwa sababu nyie mnatazama mpira. Nawaomba. Zimeni."

Kinyozi akamgeukia, mashine ingali inanguruma mkononi. Alinyoosha mkono akachomoa waya wa televisheni ukutani, penalti ikaenda na maji.

"Simu zote, tokeni kwenye waifai," akasema. "Sasa hivi."

Benchi likatii, isipokuwa yule aliyekuwa kitini, ambaye bado alichungulia skrini yake. Kinyozi akaiweka mashine juu ya utosi wake. "Kichwa chako nimekinyoa nusu. Zima, au utarudi kwenu hivyo hivyo."

Akazima. Kinyozi akaitoa simu yake mwenyewe mfukoni na kumpa Chiriku, endapo itahitajika. Chiriku akapanda ngazi mbili mbili.

Alipofika mlangoni, mikono kwenye skrini ilikuwa inatembea. Yule baba alikuwa anarudia na kurudia alama zilezile, uso umemharibika kwa hofu, na Mama alikuwa ameinama mbele akizisoma kwa sauti. "Vidonge. Vidonge vya babu yake. Vya ugonjwa wa sukari. Alivikuta mezani, akala kama peremende. Mchana, kabla ya chakula."

"Sukari yake imeshuka," daktari akasema, na papo hapo akaanza kuwaagiza wauguzi dripu. Mama akamgeuzia yule baba kila neno, asibaki gizani akitazama watu wakikimbia. Chiriku alikaa sakafuni karibu na miguu ya Bibi. Bibi alimshika bega kwa nguvu hata likauma. Dakika zikapita, kisha mguu wa yule mtoto ukatikisika kitandani. Akafungua macho, akalia.

Yule baba hakukisikia kilio, lakini alikiona. Alifunika uso kwa viganja.

Jioni hiyo kinyozi alipanda kuja kuchukua simu yake, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mama, sikujua," akasema. "Nililiona jina kwenye simu, nikajaribu jina la mtoto. Likakataa. Nikaongeza moja, likafunguka. Nikadhani hamjali."

"Mlango usio na komeo haujasema karibu," Mama akamjibu. "Na sisi tulikosea kutoweka komeo. Lakini wewe uliingia, ukawakaribisha na wageni."

"Nimekosa." Alimtazama Chiriku. "Nawe nimekukosea, bibie."

Mama hakungoja malalamiko yamfike msimamizi. Alimpigia mwenyewe, akamweleza jambo lote lilivyokuwa, bila kupunguza wala kumsingizia mtu. Msimamizi akamwambia alitengeneze kwanza ndipo arudi kazini, kisha akaongeza kwamba daktari alikuwa ameshapiga simu, na hakupiga kulalamika.

Jumapili fundi wa intaneti akaja, na safari hii Mama alimkalisha, haraka zake ziishie mlangoni. Alibadilisha jina la waifai, lisitaje tena wenye nyumba. Akabadilisha na neno la siri la kisanduku chenyewe, lile lililotoka nalo kiwandani, kwa kuwa mwenye nalo anaweza kuingia na kupangua yote. Kisha akauliza neno jipya la waifai.

"Tuweke tarehe yangu ya kuzaliwa," Bibi akapendekeza.

"Bibi, hiyo hata wewe huijui," Chiriku akasema.

"Ndiyo uzuri wake."

Fundi akacheka, akatikisa kichwa. Majina, tarehe, namba za simu, timu ya mpira, hayo ndiyo watu hujaribu kwanza, alieleza. Neno zuri ni refu, tena halina uhusiano nanyi: chukueni maneno manne ambayo hayajawahi kukaa pamoja, mchanganye na tarakimu katikati. Refu ni gumu kubahatisha, lakini kwa aliyelitunga si gumu kukumbuka. Basi kila mmoja akatoa neno lake, Bibi akanong'ona la kwake sikioni mwa Mama, na la nne likatoka kwenye kamusi iliyofunguliwa bila kutazama. Maneno yenyewe siyataji hapa. Ningeyataja, hadithi hii ingekuwa imefundisha nini?

Fundi alipoondoka, Chiriku alibaki amekaa karibu na kisanduku, kimya. Lilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba Bibi alimgusa paji la uso kupima homa.

"Mama, mimi sikusema," hatimaye akatamka. "Nililinda siri. Kwa nini basi mtoto wa watu nusura afe?"

Mama akakaa chini kando yake. "Hukusema, na ninakuamini. Lakini siri haivuji kwa mdomo tu, mwanangu. Inavuja pia ikiwa nyepesi kiasi kwamba mtu anaiokota bila kuambiwa. Tulitaka neno rahisi kwetu, tukasahau kwamba likiwa rahisi kwetu ni rahisi kwa kila mtu. Kosa ni letu sote, na mkubwa humu ni mimi. Jina lako ni la kuitwa. Si la kufungia nyumba."

Juma lililofuata kompyuta ililia, na aliyekuwa kwenye skrini alikuwa yule baba, amekuja kumchukua mwanawe. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Alimshukuru Mama, naye Mama akamsimulia jinsi picha ilivyorudi siku ile, kisha yule baba akauliza yuko wapi huyo msichana aliyeshuka kuwanyamazisha watu. Mama akamvuta Chiriku mbele ya shuka jeusi, akaeleza kwamba jina lake ni la ndege. Yule baba akamtazama, akafikiri, halafu akaweka vidole viwili mdomoni, vikafunguka na kufungika kama mdomo wa ndege, kisha mkono ukaondoka mbio kwenda mbele.

"Amekupa jina," Mama akasema taratibu. "Wasiosikia hawamwiti mtu kwa sauti, humpa jina la mkono. Lako ni Ndege Aliyekimbia."

Chiriku alilijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Lilipokaa sawa, yule baba akatikisa kichwa kukubali, na mtoto mapajani mwake akaliiga pia, vibaya.

"Jina zuri," Bibi akasema kutoka kwenye kochi lake. "Ila hilo nitakuitaje dirishani?"

Chiriku akafungua mdomo kumjibu, akaufunga, akamjibu kwa mikono.